Dadu Moja Kila Mtu

Sindano hakukubali kukaa kwenye mchezo ulioanza kwa cheo. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, na tangu alipolijua hakulivunja. Ukitaka kucheza naye bekgamoni, uwe mgeni, uwe shemeji yake, uwe mkubwa wa ofisi fulani, atakupa dadu moja, yeye atachukua moja, na mtarusha pamoja. Aliyepata nyingi anaanza. Mkilingana, mnarusha tena. Kama hutaki, maliza chai yako uende salama.

Waliomjua juu juu walimwita mbishi. Neno hilo watu wanalitumia ovyo siku hizi. Mbishi ni yule anayepinga hata lililo sawa, ili mradi asikike. Sindano alikuwa mtu wa kunyamaza; angeweza kushinda kutwa nzima bila kumjibu mtu aliyemtania. Jambo lenyewe lilikuwa moja tu, na hilo moja hakulitikisa mtu.

Jina alilipata kwenye karakana ya makochi ya baba yake mdogo. Halikutokana na kushona, maana cherehani hakuikaribia. Fundi wa springi ndiye aliyemwangalia siku ya kwanza akasema, "Huyu binti akisimama ubavu humwoni." Basi ikawa Sindano. Alikuwa amemaliza shule, baba yake amefariki, yeye na mama yake hawana mbele wala nyuma, na Baba Mdogo akampokea. Hilo ni lazima lisemwe kwa sababu ni kweli. Alimpokea, akampa kazi, akampa chakula cha mchana, na akampa chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kuchambulia. Kochi lililokaliwa miaka mingi lina mambo yake. Unalipindua kifudifudi, unang'oa pini moja moja kwa bisibisi na koleo, unalivua kitambaa, na sponji iliyooza inakumwagikia unga wa njano hadi kwenye kope. Ndani unakuta vifungo, vitana, mende waliokauka, na funguo ambazo bila shaka watu waligombana kwa ajili yake. Dirisha lilikuwa moja, na lilifunguka nusu kwa sababu nje yake palirundikwa mbao. Sindano alijifunga kitambaa usoni, lakini bado alirudi nyumbani akikohoa njia nzima.

Mbele ilikuwa dunia nyingine. Chini ya madirisha makubwa palikuwa na meza ya kukatia, ndefu kuliko kitanda, uso wake umelainishwa na miaka ya vitambaa. Hapo alisimama mkataji mzee na chaki, rula ya chuma na mkasi ambao hakumwazima mtu. Mkataji ndiye aliyezungumza na mteja, na ndiye aliyeamua maua ya kitambaa yaangalie wapi. Akikosea, hakuna wa kurekebisha. Sindano alijifunza ukataji kwa kumtazama wakati wa mapumziko, na kwa kukata makombo ya vitambaa yaliyokuwa yatupwe. Mito ya majirani zake wote ilivaa kazi yake. Aliitaka meza ile, na karakana nzima ilijua kwamba anaitaka.

Mchezo nao uliingia kwa bahati. Mteja mmoja alileta ubao wa bekgamoni ubandikwe kitambaa kipya ndani, kisha hakurudi. Baba Mdogo alikuwa ameuona mchezo huo ujanani, hotelini alikokuwa mhudumu, akawafundisha mafundi wake. Ubao unakunjuka kama sanduku. Ndani yake kuna pembe ndefu zilizochongoka, na kila mchezaji ana kete kumi na tano za rangi yake, anazozizungusha kwa kufuata dadu mpaka zifike nyumbani kwake, kisha anazitoa moja moja. Anayemaliza kuzitoa kwanza ameshinda. Ni mchezo mtamu, na Baba Mdogo aliukumbuka wote isipokuwa mwanzo wake.

Mwanzo aliutunga mwenyewe. Alianza yeye, siku zote, kwa sababu yeye ndiye mwenye karakana. Alirusha dadu zote mbili, na kama hazikumpendeza alisema, "Zimegusa ukingo," akazirusha upya. Mara nyingi alianza na jozi, tano mbili au sita mbili, na katika mchezo huu jozi huchezwa maradufu, hatua nne mahali pa mbili. Zamu ilipomfikia mwenzake, Baba Mdogo alishakuwa mbali.

"Mkono wangu una nyota," alikuwa akisema, akijipuliza vidole. "Msinichukie, mimi sikujiumba."

Ingekuwa ni kupoteza muda tu, pasingekuwa na la kusema. Lakini Baba Mdogo aliufanya ubao ule kuwa hakimu. Anayetaka ruhusa, anayetaka kubadilishiwa kazi, jibu lilikuwa moja: "Njoo unifunge." Watu walimsifu. Ni tajiri gani mwingine anayekaa chini na vibarua wake na kukubali kufungwa? Walikaa, wakafungwa, wakacheka, wakarudi kazini. Fundi wa springi aliwahi kukaa kuomba ruhusa ya kumpeleka mkewe kujifungua. Alifungwa. Mkewe alikwenda na jirani, na mtoto alizaliwa baba yake akiwa anafunga springi za kochi la watu. Hakunung'unika. Alisema alikosea kucheza. Hivyo ndivyo dhuluma ya kistaarabu inavyofanya kazi: haimkatalii mtu kitu, inamwacha aondoke akijilaumu.

Aliyeifichua hakuwa na nia ya kufichua chochote. Alikuwa daktari wa meno, mama wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye kiti cha wagonjwa wake kilikuwa kimechanika ngozi. Kiti cha namna hiyo kimefungwa sakafuni kwa bolti, hakibebwi. Ikabidi Sindano atumwe kliniki kukichambua pale pale na kubandika sponji mpya, kabla mkataji hajaja kupima ngozi. Gundi ikawa inakauka polepole, na kwenye chumba cha kungojea, juu ya meza ya magazeti, palikuwa na ubao.

"Unacheza?" daktari aliuliza.

"Nacheza, Daktari."

"Panga tuone."

Sindano alipanga bila kukosea: kete mbili kule mbali nyumbani kwa mwenzake, tano kwenye kona ya upande ule ule, tatu upande wake, na tano mlangoni mwa nyumba yake. Za daktari akazipanga zikitazamana na zake. Kisha akakunja mikono.

"Unangoja nini?"

"Uanze."

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe ndiye mwenye kliniki?"

Daktari alimtazama kama anavyotazama jino linaloonekana zima. "Huko kwenu nani anaanza?"

"Baba Mdogo."

"Mkicheza wengine je?"

"Wengine hatuchezi wenyewe kwa wenyewe. Tunacheza naye."

"Na anarusha ngapi?"

"Mbili. Akipata jozi anacheza nne."

"Anaanza na jozi?" Daktari alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Mwanangu, mchezo huu hauwezi kuanza na jozi. Hauwezi kabisa. Shika dadu moja. Hii nyingine yangu. Haya, rusha."

Wakarusha. Ya Sindano ikatua tano, ya daktari mbili.

"Unaanza wewe. Na hurushi tena. Unacheza hizo hizo zilizolala hapo, tano yako na mbili yangu. Sasa niambie, tungepata nne na nne?"

"Hiyo ni jozi."

"Ya nani?"

Sindano aliziangalia zile dadu mbili. Moja ilitoka mkononi mwake na moja mkononi mwa mwenzake.

"Si ya mtu," alisema.

"Basi tunarusha upya mpaka zitofautiane. Anayeanza na jozi amekunyang'anya dadu yako kabla hamjaanza."

Kazi ya kiti ilichukua siku kadhaa, na kila gundi ilipokuwa ikikauka daktari alimfundisha la kufanya na kila mwanzo. Alimwambia asibabaike na namba kubwa. "Watu wanapenda sita na tano kwa sababu zinakimbia. Mimi nipe tatu na moja. Unachukua kete moja kutoka kwenye zile tatu na moja kutoka kwenye zile tano za mlangoni, zinakutana kwenye pembe ya tano ya nyumba yako. Umefunga mlango. Mwenzako bado hajagusa kitu na wewe una mlango."

Sindano alirudi chumba cha nyuma na jambo hilo kifuani pamoja na vumbi. Hakumwambia mtu. Mwaka huo huo mkataji mzee akaanza kutetemeka mkono, akaaga kazi. Mchana wa siku ile Baba Mdogo alitangaza, chai mkononi.

"Meza anachukua Mapozi."

Mapozi alikuwa mwanawe wa kumzaa, kijana mwema asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba alikuja kazini na viatu vyeupe. Hakuwahi kukata hata kipande cha kanga.

"Ila mimi si mtu wa upendeleo," Baba Mdogo akaendelea. "Kuna anayeitaka zaidi, Jumamosi anifunge."

Wote wakamgeukia Sindano. Alishusha kitambaa cha usoni.

"Nitacheza, Baba Mdogo. Ila tuanze kwa dadu moja kila mtu. Atakayepata nyingi aanze."

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Ndivyo mchezo unavyoanza."

"Duniani huko labda. Hapa naanza mimi."

"Basi huo si mchezo."

Fundi wa springi akakohoa bila kuwa na kikohozi. Mapozi akaacha kutazama simu. Baba Mdogo alicheka, lakini kicheko kilimfia njiani. "Nenda kamalizie lile kochi la mwalimu," alisema, na Sindano akaenda.

Jioni yake Baba Mdogo alimwita pembeni, nyuma ya marobota ya sponji. Hakuwa na hasira. Hapa ndipo watu wengi wangeanguka, na sijui ni wangapi kati yetu wangesimama.

"Binti yangu, hebu tuseme kiutu uzima," alimwambia kwa sauti ya chini. "Yule Mapozi hawezi kukata hata ukucha. Nalijua hilo. Jumamosi wewe cheza kama kawaida yetu. Nianze mimi, nifanye mikogo yangu, halafu nitacheza ovyo. Nitakuachia. Jumatatu unasimama mezani."

"Ukinifunga bila kukusudia?"

"Sitakufunga. Nimekwambia nitakuachia. Ila usinivue nguo mbele ya watu. Umenielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Alimwambia atafikiri.

Mama yake, alipoelezwa, aliweka sufuria chini. "Kwani shida iko wapi? Mwache aanze. Akianza yeye wewe unapungukiwa nini?"

"Mama, akiniachia mimi kwa njia ile, maana yake wengine wote walifungwa kihalali."

"Wengine wana mama zao. Mimi nina kifua chako nakisikia kila asubuhi."

"Fundi wa springi anaamini mpaka leo kwamba alikosea kucheza."

"Acha aamini. Mtoto wake si mzima, anakimbia huko?" Mama akakaa. Alikuwa ameshika kitambaa cha jiko na hakujua akiweke wapi. "Umechukua kichwa cha baba yako. Naye alikuwa hivi hivi, na unaona alituachia nini."

Sindano alimpokea kile kitambaa akakitundika. Mama alikuwa anasema kweli.

Jumamosi walikaa kwenye meza ya kukatia yenyewe, maana ndiyo iliyokuwa wazi. Sindano alipanga kete. Kisha akachukua dadu moja akaiweka mbele ya Baba Mdogo, akaifunika ya pili kwa kiganja.

Baba Mdogo alimwangalia usoni. "Tulizungumza," alisema polepole.

"Tulizungumza, na nimefikiri. Rusha moja, Baba Mdogo."

"Nipe hiyo nyingine."

"Hii yangu."

"Sindano, hii karakana ni ya nani?"

"Yako. Na misumari yako, na kochi lako, na chai tunayokunywa yako. Dadu hii ni yangu mpaka tujue nani anaanza."

Mafundi walikuwa wamesimama, mikono imejaa gundi. Hakuna aliyemtetea. Wala asingewalaumu; kila mmoja alikuwa na watoto. Nje gari lilipiga honi kudai mizigo yake na hakuna aliyetoka.

"Hutaki kucheza basi," Baba Mdogo alisema. "Meza ni ya Mapozi."

"Nataka kucheza, nimekaa hapa. Si unasema mkono wako una nyota? Nyota inayotaka dadu mbili ni nyota gani?"

Mtu mmoja aliguna. Mapozi, ambaye meza ilikuwa inamjia bure kama angenyamaza, akasema, "Baba, rusha basi. Au unaogopa?"

Baba Mdogo akarusha. Nne. Sindano akarusha. Nne.

"Jozi!" Mkono wa Baba Mdogo ulikuwa umeshafika kwenye kete.

"Si ya mtu," alisema Sindano, akazuia mkono ule kwa kidole kimoja. "Hiyo nne ni yako, hii yangu. Tunarusha tena. Hakuna anayeanza na jozi, Baba Mdogo. Haiwezekani."

Halafu fundi wa springi akasema, kama mtu anayejisemea peke yake, "Siku ile ya mke wangu, bosi, ulianza na tano mbili." Aliitazama ile nne na nne. "Nakumbuka kabisa. Tano mbili. Nikarudi nikakaa na springi zangu."

Baba Mdogo hakumtazama. Alirusha dadu yake kwa nguvu ikagonga ukingo, ikatua moja. Hakusema lolote kuhusu ukingo. Sindano alipata tatu.

"Tatu na moja," Mapozi akacheka. "Dada, umeanza kwa kutambaa."

Sindano alichukua kete moja kutoka kwenye zile tatu na moja kutoka kwenye zile tano, akazikutanisha pembe ya tano. Alikuwa amefunga mlango.

Walicheza kwa haki mchana ule, kwa mara ya kwanza katika karakana ile, na watu walisahau kula. Mara mbili Sindano aliipiga kete ya Baba Mdogo ikarudi mwanzo wa safari. Mara moja naye akapigwa. Waliingia kutoa kete wakiwa karibu sawa, Sindano akiwa mbele kidogo. Zilipombakia Sindano kete mbili, Baba Mdogo alikuwa na nne. Alirusha dadu zake mbili, zote zake, kwenye zamu yake, zikalala sita mbili. Jozi halali. Akazitoa kete zote nne na mchezo ukaisha.

Alikaa akizitazama. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni. "Umeona sasa?" alisema, na hakukuwa na furaha kwenye sauti yake. "Ungenisikiliza, ungekuwa umesimama hapa Jumatatu."

"Leo umenifunga," Sindano alimwambia. "Mpaka jana ulikuwa hujamfunga mtu."

Akainuka, akajifunga kitambaa usoni, akarudi kwenye kochi aliloliacha nusu. Mapozi alipewa meza. Robota la kwanza la velveti alilikata maua yakaangalia chini, na mteja akarudishiwa gharama zake.

Hakuna aliyekaa tena kumfunga Baba Mdogo kwa ajili ya ruhusa. Walianza kuja kumwomba kwa mdomo, na ikambidi awakatalie kwa mdomo wake mwenyewe, akiwaangalia machoni. Kazi hiyo ilimshinda mara nyingi kuliko alivyotarajia. Fundi wa springi alipopata mtoto wa pili alikuwapo hospitalini. Lakini Baba Mdogo hakumsamehe Sindano. Aliitikia shikamoo yake bila kuinua uso, na alipohitajika mtu wa mezani hakumwita yeye, hata Mapozi alipochoka na chaki akaenda kuuza simu. Aliletwa mkataji kutoka nje.

Sindano alichambua makochi katika chumba kile mpaka karakana ilipouzwa. Aliweza kuikata ngozi, velveti na turubai, na hakupewa nafasi ya kumkatia mteja hata mmoja. Sasa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kupumzika katikati. Meza ya kukatia na kifua kizima, ndivyo alivyovipoteza kwa ajili ya sharti lile.